Mtoto wa Kumi

Sketi ililetwa jioni na mlinzi wa shule, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na shati jeupe lenye doa la wino mfukoni.

"Irudi kesho, safi," mlinzi alisema, ameshageuza baiskeli. "Na soksi. Mwalimu Mkuu amesema mwaka jana soksi hazikurudi."

Kulipopambazuka, mama alipiga magoti kando ya kitanda akajaribu kuuingiza mkono wa kushoto wa binti yake kwenye shati lile. Mkono huo ulijikunja tangu siku ya kuzaliwa, kiwiko kimebana kifuani, vidole vimefumba ngumi. Haukutaka kuvutwa. Ulitaka kubembelezwa: upulizwe kidogo, usuguliwe kiganjani, usubiriwe. Ukiuharakisha, unakaza. Mama aliupuliza. Mkono ukalegea, ukapita.

Sketi ilikuwa ya mtoto mnene. Aliikunja kiunoni mara mbili, akaibana kwa pini.

"Unapendeza," alimwambia.

Binti alitaka kujibu. Kwake neno lilikuwa na safari. Uliliona likija: shingo ikayumba, mdomo ukaenda upande, mate yakatangulia, ndipo neno lenyewe likafika, limechoka lakini zima.

"Ki...fu...ngo."

"Eh, na vifungo vipo. Vingapi?"

Akavihesabu, kidole cha mkono wa kulia kikitembea kutoka shingoni hadi tumboni. Alipomaliza, alinyoosha ngumi ya mkono wa kushoto, na mama akaibusu. Ndiyo yaliyokuwa malipo yake. Ukipatia, ngumi inabusiwa.

Alikuwa na miaka minane. Mtaa mzima ulimwita Bosi. Jina lilitoka kwa Dobi, mzee ambaye mama alimfanyia kazi ya kupiga pasi. Kutwa nzima wao wawili walitoka jasho, mmoja kwenye beseni na mwingine kwenye pasi ya mkaa, huku mtoto amekaa kwenye kiti cha plastiki, amefungwa kitenge kiunoni asiteleze, anawatazama. "Kazi ya kukaa na kutazama wenzako wakichoka ni ya bosi," Dobi alisema siku hiyo, na jina likashika. Mama naye akawa Mama Bosi. Baba Bosi alikuwa mji mwingine, akitafuta kazi, na kwa jinsi simu zake zilivyopungua, huenda alishaipata.

Mwaka jana pia sketi ililetwa. Siku ya kuhesabu wanafunzi, shule ilituma watu nyumba kwa nyumba kuwakusanya watoto wa kitengo cha mahitaji maalumu, wale ambao uelewa wao ulikuwa mzito, na Bosi akawa mmoja wao. Alikalishwa kwenye mkeka, akapewa biskuti, akahesabiwa. Kesho yake mama alimbeba tena mgongoni, kwa furaha, akaukuta mlango una kufuli. Alichungulia dirishani. Mkeka haukuwepo. Palikuwa na mifuko ya saruji hadi usawa wa ubao.

"Mwalimu wa kitengo hajaripoti," aliambiwa. "Akija tutakupigia."

Tangu hapo hakuruhusu simu yake izime. Mtandao uliposumbua, mtaa mzima ukahamia laini nyingine, yeye alibaki na ile ile. Haikupigwa.

Kwa hiyo mwaka huu alikuwa na mpango. Aliwaza hivi: mtu anayekuja kuhesabu ndiye mwenye usemi. Mwalimu Mkuu mwenyewe alimwamkia akiwa amesimama. Mtu kama huyo akimwona mtoto anaweza, nani atamfungia mlango? Basi mwaka mzima, nguo za watu zikipita mezani, alivifanya vifungo kuwa walimu. Kanzu za watoto, mashati ya ofisini, koti la askari lenye vifungo vya shaba. Bosi alianza na moja. Alikaa kwenye moja hadi Dobi akasema huyu labda kifungo cha pili hakipendi. Kisha siku moja, bila kuombwa, alifika sita. Sasa alifika ishirini, na nguo yenye kifungo kilichokatika aliitambua kabla ya mtu yeyote.

Dobi alikuwa akianika alipowaona wanapita.

"Bosi leo kazini," alisema, pini za kamba zimemjaa mdomoni. "Ukifika huko waambie kuna mzee hapa, yuko tayari kuanza darasa la kwanza. Viatu anavyo."

"Wewe kichwa chako kimejaa povu," mama alijibu.

"Ndiyo maana kisafi." Alizitoa pini. Alimtazama mtoto, sketi iliyobanwa, soksi moja ndefu kuliko nyingine. "Mama Bosi. Usiende huko na moyo wote. Kipande kingine uniachie hapa nikutunzie."

Mama alicheka, akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaenda na moyo wote.

*

Getini kulikuwa na ubao mpya wenye matokeo ya shule: wastani wa kila darasa kwa rangi nyekundu, na chini yake, kwa herufi kubwa, SHULE YA PILI KATI YA SHULE ZOTE ZA JIRANI. Geti lenyewe lilikuwa jipya pia. Nguzo zake zilikuwa za saruji.

Darasa la kitengo lilikuwa likifagiliwa. Wanafunzi wakubwa walibeba mifuko nje, vumbi la kijivu limewakaa kwenye kope. Mkeka ulitandikwa. Picha ya herufi zenye wanyama ilibandikwa ukutani, juu kuliko ambavyo mtoto yeyote aliyekaa chini angeweza kuisoma. Wanawake walikaa na watoto wao wakiegemea ubaridi wa ukuta. Mama alisogea karibu na Mama Mrefu, ambaye mwanawe alikuwa kijana wa kimo cha baba na akili ya mtoto wa kunyonya. Mrefu alicheka kila kitu: mfagio, nzi, mlango.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama Mrefu alisema, akionyesha kreti la soda pembeni. "Mwaka jana biskuti, mwaka huu soda. Tukijaliwa uhai, mwakani watatupa mwalimu."

"Ameripoti?"

"Nani? Mwalimu?" Mama Mrefu alimtazama kama mtu anayemtazama bibi harusi. "Mimi huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Nimeshakuwa dawati. Sikiliza nikwambie mdogo wangu. Mtoto mmoja wa huku fedha yake ni ya watatu wa kule madarasani. Ndiyo maana huyu wa serikali lazima aje awaone kwa macho. Na lazima wafike kumi. Wakipungua kumi, hakuna kitengo."

Mama aliwahesabu. Bosi alikuwa wa kumi.

Mwalimu Mkuu aliingia. Alikuwa mwanamke nadhifu, sauti yake ya chini, ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kuipandisha.

"Wazazi wangu, karibuni sana. Hujafa hujaumbika, na sisi hapa hatumbagui mtoto. Bwana Afisa yuko njiani. Ninaomba kitu kimoja tu, watoto wakae kama walivyo. Anayelia, mwacheni alie. Anayedondosha mate, msimfute. Anataka kuona hali halisi."

Mama alikuwa ameshika leso, tayari. Aliikunja, akaikalia.

Afisa wa takwimu alifika jua limeshakuwa kali. Kumbe alikuwa kijana, mwembamba, shati limemganda mgongoni, kishikwambi amekikumbatia kama mtu aliyeambiwa kikivunjika atalipa. Aliwasalimia wote, mama zangu hamjambo, akaonekana kuwa anamaanisha. Kisha akaanza mwisho wa mkeka, Mwalimu Mkuu akimtangulia hatua moja.

"Huyu haelewi."

Afisa alimtazama mtoto, akagusa kioo.

"Huyu pia haelewi."

Akagusa.

"Huyu mrefu, unamwona mwenyewe." Mrefu alikicheka kishikwambi. Afisa akatabasamu kidogo, akagusa.

Mama aliuweka mkono mgongoni mwa binti yake, na chini ya shati la watu alihisi mifupa midogo, imetulia.

"Na huyu wa mwisho," Mwalimu Mkuu alisema. "Hatembei, haongei, haelewi."

"Anaelewa."

Hakulisema kwa nguvu. Lakini wote waligeuka, hata Mrefu.

"Anaelewa nini, mama?" Afisa aliuliza, kwa upole.

"Muulize vifungo vyako. Viko vingapi."

Mwalimu Mkuu alianza kusema kuwa muda umekwenda, kwamba shule nyingine zinasubiri. Lakini kijana alikuwa ameshachuchumaa. Bosi alimtazama shati. Shingo yake iliyumba, mdomo ukaenda upande, mate yakadondoka kwenye kola nyeupe. Kioo cha kishikwambi kilijizima. Afisa alikigusa, kikawaka, kikajizima tena, naye akakiacha.

"Mo...ja."

Kidole kilishuka. Mbili ilikuja. Tatu ilikawia, ikaja. Nne. Kisha kidole kikasimama mahali ambapo kwenye shati palikuwa na uzi tu.

"Ha...ki...po," Bosi alisema, akamtazama Afisa usoni, kwa huruma kabisa. Ndipo akaendelea. Tano. Sita.

Afisa aliinama akalitazama tumbo lake. Akacheka. Wanawake wakacheka, Mrefu akacheka kuliko wote, na ngumi ya Bosi ilikuwa imeshanyooshwa kwa mama yake, ikingoja. Mama aliibusu mbele ya watu wote.

"Mwalimu, huyu si wa huku," Afisa alisema, akisimama, magoti yanalia. "Huyu ni viungo tu, akili anayo. Mwongozo uko wazi, wa hivi anasoma darasa la kawaida na wenzake." Aligusa kioo mara kadhaa. "Nimeshamtoa. Hongera, mama. Umefanya kazi."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali kila kitu.

Afisa alikuwa akikitazama kioo. "Ila hapa inanionyesha tisa. Na tisa haifungui kitengo." Alimtazama Mwalimu Mkuu, akaonekana kijana zaidi. "Nitakuwa kwenye gari, napanga takwimu za shule ya jana. Nikishazituma, na hii nafunga."

*

Ofisini Mwalimu Mkuu hakumkaribisha kiti. Mama alisimama, mtoto mgongoni.

"Mzazi," Mwalimu Mkuu alisema. "Tulikuomba umlete. Hatukukuomba umfundishe."

"Lakini Bwana Afisa amesema aingie darasa la kwanza."

"Yeye anahesabu. Kufundisha ni sisi. Darasa la kwanza kuna watoto ambao wengine wanaandikia mapajani. Nimweke wapi? Nani ambebe kumpeleka chooni? Wewe? Utaacha kazi?" Hakungoja jibu. "Na mtihani. Mstari mmoja ataandika mpaka saa ngapi? Kila namba inayotoka darasani inakwenda juu. Mmoja akipata sifuri anatushusha sote. Umeuona ubao getini?"

"Hatapata sifuri."

"Kwa sababu siku ya mtihani hatakuwepo. Nakwambia ukweli kama mwanamke mwenzako. Wapo wengine wanaobaki nyumbani siku hiyo, na wazazi wao wanaelewa."

Nje kengele iligongwa, na watoto wakamwagika uwanjani. Bosi aligeuza shingo kuwafuata kwa macho.

"Sasa sikia," Mwalimu Mkuu aliendelea, na sauti yake ikawa laini. "Mwalimu wa kitengo ameshapangiwa. Barua yake nimeiona. Atakuja kama kitengo kipo. Kama hakipo, atapelekwa shule nyingine. Wale wanawake tisa walioko pale watarudi nyumbani na watoto wao, kwa sababu ya vifungo. Sisemi ni kosa lako. Ninakuuliza tu, utawatazamaje?"

"Nifanye nini?"

"Mimi siwezi kumwambia Afisa abadilishe. Nitaonekana natafuta fedha. Mama mzazi akimwambia, ni jambo jingine."

Alipotoka alipita mbele ya darasa la kitengo. Habari ilikuwa imeshafika. Kreti la soda halikufunguliwa. Mama Mrefu alikuwa amekaa pale pale, na mahali mama alipokuwa amekaa kando yake aliweka mfuko wake wa nguo. Hakumtazama. Wengine nao walishughulika na watoto wao, wakiwafuta mate ambayo waliambiwa wasiyafute.

"Dada," mama alimwambia Mama Mrefu.

"Umefurahi?" Mama Mrefu alijibu, akiuelekeza uso wake kwa mwanawe. "Furahi, mdogo wangu. Wa kwako anajua kuhesabu."

Njia ya kwenda getini ilikuwa wazi, na jua lilikuwa utosini. Watoto waliokuwa wakicheza walimpisha kama wanavyopisha gari. Alitembea akijisemea kwamba barua ya mwalimu inaweza kuwa ya kweli. Mwaka jana hawakutaja barua. Mwaka huu wametaja barua. Hiyo ni tofauti. Barua ni kitu.

Karibu na geti alimshusha mtoto, akamkalisha kwenye ukingo wa nguzo, akachuchumaa mbele yake.

"Mama. Sikiliza. Bwana atakuuliza tena. Usiseme."

Bosi alimtazama.

"Usihesabu. Funga mdomo. Hivi." Akafunga mdomo wake mwenyewe, akaubana, ili mtoto aone. "Ni mchezo. Ukifunga vizuri, umepatia."

Gari la serikali lilikuwa kivulini, milango wazi. Afisa alikuwa akila mkate mkavu, kishikwambi kwenye goti.

"Bwana Afisa, samahani. Naomba umrudishe mwanangu kule."

"Kule wapi?"

"Kitengo. Haelewi."

Aliacha kutafuna. "Mama, sasa hivi amehesabu mbele yangu."

"Alibahatisha."

"Alibahatisha mpaka kifungo ambacho hakipo?"

"Nilimkaririsha. Mdomo tu, kama kasuku. Ndani hamna kitu." Aliyasema akiwa amembeba mtoto mkononi, na alihisi uzito wa kile kichwa begani mwake, sikio limeelekea mdomo uliokuwa ukisema.

Afisa aliutazama uwanja, kisha mlango wa ofisi, ambako Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama akiongea na mlinzi, mgongo umewaelekea. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani kuwa shule nyingine.

"Ni lazima nimuulize tena," alisema. "Siwezi kuandika kitu ambacho sijakiona." Akaweka mkate chini, akalinyoosha shati kifuani. "Mtoto mzuri. Vifungo vyangu vingapi?"

Bosi alilitazama shati. Kidole cha mkono wa kulia kiliinuka. Kiligusa cha kwanza, kikashuka hadi cha pili, na shingo yake ikaanza kuyumba, na mama akaliona neno likija, akalijua kabla halijafika. Kisha mtoto akakumbuka. Alifunga mdomo. Ulijipinda, ukatetemeka, mate yakapenya pembeni, lakini aliubana. Kidole kiliendelea kushuka peke yake, kimya. Kilifika penye uzi. Kikasimama hapo. Kikaruka, kikaenda mpaka mwisho.

Afisa alikiona. Mama aliona kwamba amekiona.

"Hapa panauliza kama amejibu au hajajibu," kijana alisema taratibu, kana kwamba anamwambia mtu mwingine. "Hapaulizi kwa nini." Aligusa kioo. "Kumi."

Akaufunga mlango wa upande wake. Alikuwa bado ameshika mahali pale kwenye shati, penye uzi, gari lilipoondoka.

*

Mlinzi aliichukua sketi pale pale getini, mama akamfunga mtoto kitenge. Shati alilikagua kwenye kola, akauliza haya mate ni ya nini. Soksi alizihesabu.

Walipofika kibandani, pasi ilikuwa imeshapoa na Dobi alikuwa akipepea mkaa mpya. Alimpokea mtoto, akamkalisha kwenye kiti chake, akamfunga kitenge, akakaza fundo. Mama alijaza pasi, akaijaribu kwa tone la maji, akatandaza nguo ya kwanza iliyokuwa juu. Ilikuwa gauni refu la mtu anayekwenda harusini, vifungo vyake vidogo vidogo kama dengu, vimeshuka mgongo mzima.

"Haya, Bosi," Dobi alisema, akiliinua gauni mbele ya mtoto. "Mwenye hii anasema tumempotezea kifungo. Mimi macho yangu ya uzee hayafiki. Kagua. Vingapi?"

Macho ya mtoto yaliwaka. Kidole kiliinuka. Kikaanza juu kabisa, shingoni, kikashuka, kifungo kwa kifungo, bila kuruka, na kando yake mdomo ulikuwa umefungwa, umebanwa hadi midomo imekuwa myeupe.

"Ee, vipi," Dobi alisema. "Leo umegoma? Hata moja?"

Kidole kilifika mwisho. Bosi aliinua uso, akaacha kumtazama Dobi, akamtafuta mama yake ng'ambo ya meza. Alikuwa amepatia. Hakusema hata neno moja. Polepole, kwa kazi kubwa, akainyoosha ngumi.